Gemu za Ndege za Kuchapa Ukipanda Juu: Hizi Ndizo za Kuanza Nazo Kabla Uchome Ganji Yako Bure

Leo tunabonga kuhusu gemu za kitambo. Sio mpira wala magari. Tunaongea zile za ndege ndogo imekaa chini ya skrini, dunia inateremka kutoka juu, maadui wanakuja kama matatu za Garissa Road saa ya jioni, na kazi yako ni mbili tu: fyatua na uhepe.

Kama ulizaliwa miaka ya 80 ama 90, unazijua. Zilikuwanga kwa ile TV gemu watu waliita Terminator, yenye kaseti ya njano imeandikwa namba ya ajabu kama 9999999 kwa moja. Kama we ni wa juzi, labda umeziona kwa vile vidude vya mkononi vyenye gemu 400, ama kile kijiti kinachomekwa nyuma ya tivi. Mashine tofauti, gemu ni zile zile.

Sasa shida iko hapa. Msee ananunua kidude, anawasha gemu ya kwanza ya ndege anayoiona, anadedi mara saba ndani ya dakika mbili, anasema hizi gemu ni ngumu, kidude kinaenda kukaa juu ya kabati. Ganji imeenda. Na ukweli ni kwamba hajashindwa na gemu za ndege. Ameanza tu na ile ngumu. Ni kama kujifunza kuogelea Fourteen Falls. Maji ni maji, lakini huko sio mahali pa kuanzia.

Hii stori ni ya kukuonyesha zile za kuanza nazo, vile utazijua hata kama hazina jina unalolijua, na vile utanunua mashine bila kuuziwa hewa.

Kwanza, Zilitoka Wapi?

Mwaka 1978 kampuni ya Japani inaitwa Taito ilitoa Space Invaders. Hapo ndege yako inaenda kushoto na kulia tu, na skrini haisongi. Namco wakafuata na Galaxian 1979, halafu Galaga 1981. Hizo mbili ndizo zilijaa kwa kaseti zetu.

Lakini ile ladha ya kupanda juu, ardhi ikiteremka chini yako, mito, misitu na barabara, hiyo ilikuja kushika na gemu kama River Raid ya 1982, ya mashine ya Atari 2600. Aliyeitengeneza ni mwanamke anaitwa Carol Shaw, akiwa kampuni ya Activision. Mto mzima, na madaraja yake na meli zake, aliufinya ndani ya kaseti ya kilobaiti 4. Picha moja tu ya WhatsApp inaweza kula zaidi ya hiyo mara nyingi. Namco nao wakatoa Xevious, na baada ya hapo kila kampuni Japani ilitaka ndege yake.

Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo wakatoa mashine yao ya nyumbani, Famicom. Hii ndiyo mama ya ile Terminator. Zile za kwetu zilikuwa kopi zilizotengenezwa Asia, na kaseti zake zilikuwa na pini 60 kama za Famicom yenyewe. Ndio maana mtoi wa Thika na mtoi wa Tokyo walilelewa na gemu zile zile bila kujuana.

Vile Unajua Gemu ni Rahisi ama ni Noma

Kabla ya kushika jina lolote, jiulize maswali matano. Haya yanafanya kazi kwa gemu yoyote ya ndege, hata ile imeandikwa Kijapani juu mpaka chini.

Moja, ukigongwa mara moja unadedi, ama una mstari wa nguvu? Mstari wa nguvu ni rafiki ya mtu anayeanza. Unapata nafasi ya kujifunza ni nini kilikugonga.

Mbili, ukidedi unarudishwa wapi? Kuna gemu zinakufufua pale pale ulipoangukia, na kuna zile zinakurudisha nyuma na kukunyang'anya silaha zote. Hizo za pili ndizo huvunja moyo. Unarudi na kabunduki kamoja, maadui ni wale wale wa moto, unadedi tena, mpaka unachorea.

Tatu, unaweza kuchagua ugumu kabla ya kuanza? Kama kuna chaguo la rahisi, lichukue bila aibu. Hakuna mtu wa Gatuanyaga atakuja kukuuliza.

Nne, ndege yako ni kubwa kiasi gani? Kwa gemu nyingi za kitambo, ncha ya bawa ikiguswa umeenda. Ndege nono na skrini ndogo ni shida.

Tano, kuna watu wawili wakati mmoja? Kucheza na bro yako ama mathe kunafanya kudedi kuwe jokes badala ya hasira.

Gemu ikipita maswali matatu kati ya hayo matano, hiyo anza nayo.

Kwa Terminator na Vidude vya Mamia ya Gemu

Galaga. Anza hapa. Skrini haisongi kwa ukweli, ni nyota tu zinateremka, lakini inakufundisha macho. Na iko na mchezo mmoja mtamu: kuna adui mkubwa anashuka na mwanga, akikushika anabeba ndege yako. Ukimlipua akiwa anakushukia na mateka wake, ndege inarudi na unakuwa na mbili zikifyatua pamoja. Lakini kama hiyo ndiyo ndege yako ya mwisho, usijaribu. Akikubeba, stori imeisha.

1942. Hii ni ya Capcom, ilitoka 1984 kwa mashine za sarafu, halafu ikaja Famicom. Ndege ya vita ya pili ya dunia, bahari chini yako. Toleo la Famicom linakwama kidogo na mlio wake utamfukuza fathe sebuleni, lakini sheria zake ni rahisi. Maua mekundu ya ndege yakikuja kwa kundi, maliza kundi lote, utapata herufi POW ya kuongeza silaha. Na kuna batani ya kupiga kitanzi angani. Ukiwa ndani ya kitanzi risasi hazikugusi. Viko vichache, kwa hivyo usivitumie kupiga luku.

1943. Huyu ni mdogo wake, lakini ana huruma zaidi. Badala ya kudedi kwa risasi moja, una mstari wa nguvu. Mstari unapungua polepole hata usipogongwa, kwa hivyo endelea kuokota. Toleo la Famicom linakuruhusu kuchagua ni sehemu gani ya ndege unataka kuongezea nguvu, na liko na nywila ili uendelee kesho. Kama stima ikipotea, hujapoteza jioni yote, bora uwe uliiandika mahali.

TwinBee. Konami, 1985. Kama uko na mtoi nyumbani, hii ndiyo yenyewe. Wawili mnacheza kwa wakati mmoja, rangi ni za peremende, maadui ni matunda na vitu vya jikoni. Unafyatua mawingu, kengele inaanguka, unaifyatua tena mpaka ibadilishe rangi, kila rangi na zawadi yake. Na ukigongwa mikono ya ndege ikatoke, ambulansi inakuja kukutengeneza. Gemu gani nyingine inakuletea ambulansi?

Xevious. Batani mbili: moja ya kupiga walio angani, nyingine ya kuangusha bomu kwa walio chini. Inakufundisha kugawanya macho. Na iko na huruma moja watu hawaijui: ukidedi ukiwa umeshavuka karibu asilimia 70 ya eneo, hukurudishwi mwanzo wa eneo hilo, unaanza linalofuata.

Gun-Nac. Ya kampuni ya Compile, 1990. Kati ya levo na levo kuna duka, unanunua silaha na ganji uliyookota. Sungura wa mwezini ndio maadui wa kwanza. Ni mojawapo ya zile laini kabisa kwa mashine hii, lakini kwa kaseti za zamani ni nadra. Utaipata zaidi kwa vidude vipya.

Kuna nyingine ya hao hao Compile inaitwa Zanac, ya 1986. Hii iweke ya pili. Mashine inakuchunguza. Ukifyatua bila kupumzika na ukae muda mrefu bila kudedi, inaongeza moto. Ukidedi, inapunguza. Ni kama mwalimu anayekuangalia daftari. Msee anaifungulia turbo kutoka sekunde ya kwanza halafu analia gemu imemchukia.

Kwa Sega na Mashine za Umri wa Pili

Kama uko na Super Nintendo, ama kidude cha kuiga, tafuta Pop'n TwinBee ya 1993. Mstari wa nguvu upo, watu wawili wapo, ugumu unachagua. Inajibu karibu maswali yote matano. Kama unataka kitu cha mtu mzima kidogo, Super Aleste ya 1992, ambayo Marekani iliitwa Space Megaforce. Silaha nane, kila moja na tabia yake, na ugumu unachagua.

Kwa Sega Mega Drive, M.U.S.H.A. ya 1990 ni kali kwa macho na masikio, na ni ya haki. Unavaa roboti, unapata vindege viwili vya kukusaidia, na unaviamuru vifyatue upande gani.

Kwa PC Engine, ambayo siku hizi utaipata ndani ya emuleta tu, jaribu Blazing Lazers ya 1989. Nusu yake ya kwanza ni laini kama chapati ya asubuhi.

Na za kuhepa kwa sasa? Truxton na Raiden. Ni gemu safi, lakini hazina huruma. Zile za kampuni ya Cave kama DonPachi ya 1995, ambapo risasi zinajaza skrini kama mvua ya Aprili, ni hadithi nyingine. Cha kushangaza, hapo sehemu ya ndege inayoweza kugongwa ni ndogo sana, ndogo kuliko ndege unayoiona. Kwa hivyo sio ngumu vile inavyokaa. Lakini zinataka macho yaliyozoea. Rudi huko baada ya miezi.

Mbinu za Kukaa Hai

Hizi sio siri, ni tabia tu.

Usiangalie ndege yako peke yake. Angalia nafasi iliyo juu yake kidogo, kama vile dere anaangalia barabara wala sio usukani.

Kaa chini, lakini usijibanze kabisa kwa ukingo. Ukijibanza huna pa kurudi.

Risasi nyingi hulenga mahali ulipokuwa wakati adui alipofyatua. Kwa hivyo sogea kidogo tu. Sogea polepole upande mmoja, risasi zote zinafuata mkia wako. Ukifika mwisho wa skrini, kata haraka katikati ya mwanya, uanze upande wa pili. Msee anayekimbia kushoto kulia kama kuku anazitawanya mwenyewe, halafu anakosa pa kupita.

Tumia bomu kabla ya kufa, sio baada. Watu wengi wanadedi na mabomu matatu mfukoni. Bomu halina riba, ukifa nalo limeenda.

Usikimbilie zawadi. Kitu kizuri kikianguka katikati ya maadui watano, kiache kiende. Kitakuja kingine.

Na turbo. Padi nyingi za Terminator zilikuwa na batani nne: mbili za kawaida na mbili zinazofyatua zenyewe ukizishikilia. Kuna wasee husema hiyo ni kuiba. Buda, kuna mtu Japani anaitwa Takahashi Meijin alijulikana nchi nzima kwa kubonyeza mara 16 kwa sekunde moja, enzi za mashindano ya Hudson yaliyoanza 1985. Kama wewe sio yeye, shikilia turbo, uokoe kidole chako. Isipokuwa kwa Zanac, nimeshakuambia.

Kununua Bila Kuuziwa Hewa

Sasa hapa ndipo ganji hupotea.

Ile namba kubwa kwa kaseti ni uongo wa kibiashara. Kaseti ya 9999999 kwa moja inaweza kuwa na gemu chache tu ndani, zimerudiwa rudiwa. Gemu ile ile inaanzia levo ya tatu, inapewa jina lingine. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji awashe, halafu ruka mpaka ukurasa wa kumi wa orodha. Kama unaona ndege ile ile, bei ishuke ama uende zako. Hata vile vidude vya gemu 400 orodha hutofautiana, kwa hivyo usinunue kwa kusikia.

Jaribu padi. Shika juu, chini, kushoto, kulia, na zile pembe nne za katikati. Gemu ya ndege bila pembe ni gari bila usukani. Vidude vingi vya bei ya chini huanguka hapa, sio kwa orodha.

Cheki adapta. Stima yetu ni volti 240. Famicom halisi ya Japani ilitengenezwa kwa volti 100, na ukiichomeka adapta yake ukutani moja kwa moja, unachoma nyama. Na kwa kopi zote, soma maandishi ya adapta na ya mashine: volti zilingane, na alama ya chanya na hasi zilingane. Kama hujui kusoma alama hiyo, peleka kwa fundi wa redio, ni kazi ya dakika moja.

Tivi. Analogi ilizimwa Kenya mapema 2015, na watu wengi walidhani TV gemu zimekufa nayo. Hapana. Kilichozimwa ni matangazo. Mashine yako bado inaongea na tivi ya mgongo kupitia tundu la antena ama waya za njano na nyeupe. Kama uko na tivi bapa, tafuta tundu la AV, weka picha iwe 4:3 ili ndege isivutwe kama ugali, na uwashe hali ya gemu kwa menyu ya tivi. Tivi bapa huchelewa kidogo kuonyesha ulichobonyeza, na kwa gemu ya kuhepa, hiyo kidogo ndiyo kifo. Msee analaumu mkono kumbe ni tivi.

Kaseti ikigoma, usiipulize. Mate yako yanaleta kutu kwa pini. Pamba ya masikio na spiriti kidogo, sugua, acha ikauke, rudisha.

Na kama huna ganji kabisa, simu yako inatosha. RetroArch ni programu ya bure ya kuiga mashine za zamani, na inaweza kurudisha wakati nyuma ukidedi. Itumie kujifunza kona moja ngumu, halafu icheze kwa ukweli. Tuwe wazi: programu ni halali, lakini gemu zenyewe zina wenyewe, na gemu nyingi ndani ya vijiti vya elfu kumi hazina leseni. Ukitaka njia safi na bado bure, Capcom walitoa Capcom Arcade Stadium mwaka 2021, na 1943 ilikuja ndani yake bila malipo, kwa Switch na kwa kompyuta kupitia Steam. Msee mwenye laptop ya campo hana sababu.

Kwani Ni Muhimu Aje?

Piga hesabu. Kwa maskani ya PS unalipa kwa kila mechi, na mwisho wa mwezi hizo mbao mbao zimekuwa thao. Ukitoka hapo huna kitu mkononi. Kidude kimoja cha kitambo, ukichagua vizuri, ni cha nyumba nzima, hakitaki bando, hakitaki kusasishwa, na kile cha betri kinaendelea hata stima ya mtaa ikikatika.

Halafu kuna hii. Gemu ya ndege haina lugha. Shosho ambaye hajawahi kushika padi anaelewa ndani ya sekunde kumi: ile ni ndege yangu, wale ni wabaya. Mtoi wa miaka mitano anaelewa. Hakuna mkataba wa wachezaji, hakuna batani kumi na mbili. Raundi inaisha kwa dakika tano, unapitisha padi kwa mwenzako. Ni gemu chache sana za leo zinaweza kukalisha watu watatu wa umri tofauti kwa kochi moja.

Kwa hivyo mpango ni huu: Galaga wiki ya kwanza. TwinBee na mtu mwingine wiki ya pili. 1943 mwenyewe mpaka ufikie meli kubwa ya kwanza uizamishe. Ukifika hapo, Zanac inakungoja, na haitakuwa na makasiriko.

Gemu gani ya ndege ilikuwa kwa kaseti yenu nyumbani, na nani alikuwa anashikilia padi ya kwanza bila kuiachilia? Tuambie. Na kama bado uko na hiyo kaseti chini ya kitanda, usiitupe. Pamba na spiriti tu.